Mihadhara ya bure ipo kibao, mbona supu haziishi?

Chukua simu yako, andika jina la somo linalokutoa jasho muhula huu: takwimu, uhasibu, sheria ya mikataba, lolote lile. Sekunde chache tu na mihadhara ya maprofesa wa MIT au Harvard iko mbele yako, bure. Mwanafunzi aliyesoma Mlimani miaka ya 1980, akigombania nakala moja ya kitabu na wenzake, angeona huo ni muujiza. Swali linakuja: kama mhadhara mzuri umekuwa rahisi kupatikana kiasi hiki, mbona watu bado wanasupu, na wengine wanadisko kabisa?

Mjadala wa "mtandao ni mzuri au mbaya" umeshachosha, tuuache. Tuangalie kilichotokea pale watu walipojaribu kweli, maana majaribio yapo, tena makubwa.

Mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig waliifungua kozi yao ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa yeyote mwenye intaneti. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Ni umati ambao mhadhiri hawezi kuufikia hata akifundisha kumbi zilizojaa hadi anastaafu. Baada ya muda mfupi zikazaliwa Udacity na Coursera, kisha MIT na Harvard wakaanzisha edX mwaka 2012. Wapo waliotabiri kwamba vyuo vikuu vya kawaida vitabaki vichache mno duniani.

Ahadi yenyewe ilikuwa na sura ya mtu. Battushig Myanganbayar, kijana wa miaka 15 kutoka Ulaanbaatar, Mongolia, alisoma kozi ya MIT ya saketi na elektroniki mwaka 2012 akapata alama zote. Baadaye MIT wakampokea kama mwanafunzi. Habari yake ilizunguka dunia nzima: kumbe kipaji kilichojificha popote kinaweza kufikiwa na waya wa intaneti!

Ila kuna sehemu ya habari hiyo ambayo wengi waliiruka. Mkuu wa shule ya Battushig mwenyewe alikuwa amesoma MIT, na alimwalika mwanafunzi wa uzamivu kutoka Stanford aje Mongolia kufundisha ana kwa ana, akaja na vifaa vya maabara. Kwa hiyo kijana alikuwa na video za MIT, sawa, lakini pia alikuwa na mwalimu wa kumuuliza, wenzake wa kusoma nao, na saketi za kushika kwa mikono yake. Wengine waliojiandikisha kozi ileile hawakuwa na hayo. Walikuwa karibu 155,000, na waliopata cheti ni kama 7,200, yaani hata watu 5 katika kila 100 hawafiki.

Unaweza kusema huo ulikuwa mwanzo tu, mambo yangetengemaa. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha uchambuzi katika jarida la Science mwaka 2019, wakitumia takwimu za kozi za MIT na Harvard za kuanzia 2012 hadi 2018. Kiwango cha kumaliza hakikupanda. Kwa mwaka wa masomo 2017/18 kilikuwa takriban asilimia 3 ya wote waliojiandikisha. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kuingia ndani ya kozi. Tuwe wa haki hapa: kujiandikisha ni bure, na wengi huchungulia tu, kama unavyopita dukani bila nia ya kununua. Waliolipia cheti walimaliza kwa kiwango cha karibu asilimia 46. Hata hivyo, hiyo bado ni chini ya nusu ya watu waliotoa pesa yao mfukoni.

Shida haikuwa ubora wa maprofesa. Shida iko kwenye namna ubongo unavyojifunza.

Ukitazama mhadhara unaoeleweka, unapata hisia tamu kwamba umeelewa. Hisia hiyo ni tapeli. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliionesha mwaka 2006 kwa jaribio rahisi sana. Wanafunzi walisoma kifungu cha maandishi. Kundi moja likakisoma tena, kundi lingine likafunika na kuandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja, meza ikapinduka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, waliojipima walikumbuka asilimia 56. Sasa jiulize mtihani wako uko baada ya dakika 5 au baada ya wiki kadhaa.

Kwenye kozi za mtandaoni hali ni ileile. Ken Koedinger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichambua kozi ya utangulizi wa saikolojia mwaka 2015. Waligundua kwamba kufanya mazoezi zaidi kulihusiana na kujifunza mara 6 hivi kuliko kutazama video zaidi au kusoma zaidi. Yaani kile ambacho teknolojia inakisambaza kwa urahisi kuliko vyote, video, ndicho chenye nguvu ndogo. Na kile chenye nguvu, yaani kukaa ukakuna kichwa na swali mpaka likubali, hakuna anayeweza kukutumia kwa intaneti.

Ukumbi wa mihadhara, pamoja na joto lake na viti vya kugombania, ulikuwa unafanya kazi ambayo hatukuihesabu. Una saa maalumu. Una wenzako watakaokuuliza jana ulikuwa wapi. Una mhadhiri anayeona nyuso zimekodoa macho akarudia. Ukiviondoa vyote ukabaki na video, unamwambia mwanafunzi ajisimamie mwenyewe. Anayeweza kujisimamia atafaidi sana. Na huyo kwa kawaida ndiye aliyekuwa anafanya vizuri tangu mwanzo. Di Xu na Shanna Jaggars waliangalia rekodi za zaidi ya wanafunzi 40,000 wa vyuo vya jamii katika jimbo la Washington, Marekani. Matokeo ya jumla yalishuka kwenye masomo ya mtandaoni, na walioumia zaidi ni waliokuwa na alama za chini kabla, pamoja na wanafunzi weusi na vijana. Kwa maoni yangu hili ndilo linalopaswa kutukosesha usingizi, kwa sababu tunaambiwa teknolojia hii itawainua wale waliosahaulika.

Halafu kuna bando. Tupige hesabu. Video ya ubora wa chini hutumia kama kilobiti 500 kwa sekunde. Saa moja ni sekunde 3,600, kwa hiyo inakula megabaiti 225 hivi. Kozi ya saa 30 ni karibu gigabaiti 7, na hapo hujarudia hata sehemu moja uliyoikosa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama megabaiti 29 kwa saa. Maneno ya mhadhara huohuo yakiandikwa hayazidi kilobaiti 60 au zaidi kidogo. Maandishi ni mepesi kuliko video mara elfu tatu na ushee! Kwa anayesubiri bumu liingie ndipo anunue bando, "bure" hiyo ina bei, na mhadhiri anayepakia video ya saa mbili bila kuweka maandishi yake anawaacha watu nje ya mlango.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kililijua hili mapema kwa njia yake. Kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kabla intaneti haijawafikia wananchi wa kawaida nchini. Mwanafunzi alisoma akiwa kwake, kwa vitabu na makabrasha. Lakini chuo hakikumwacha hivihivi: kilijenga vituo mikoani, na kuna vipindi vya ana kwa ana na mitihani inayofanyika vituoni. Masomo ya mbali, ila mtu wa kukutana naye yupo. Nadhani vyuo vyetu vinavyonunua majukwaa ya mtandaoni kwa mamilioni vingejifunza mengi zaidi hapo kuliko kwenye vipeperushi vya wauzaji.

Na akili mnemba inayojibu maswali saa nane usiku? Hapa kuna tumaini la kweli, kwani inaweza kukupa zoezi na kukusahihisha papo hapo. Lakini ukiiomba jibu badala ya swali, imekuwa desa jingine tu, tena desa ambalo mara nyingine linakosea kwa kujiamini.

Kwa hiyo ukipata kozi nzuri wiki hii, jaribu hivi. Tafuteni watu wanne au watano. Mmoja apakue video kwa bando moja, wengine wachukue kwa fleshi. Kila mtu atazame dakika kumi, asimamishe, afunge, aandike alichoshika bila kuchungulia. Jumamosi mkutane, simu zikiwa mfukoni, kila mmoja awaeleze wengine sehemu yake ubaoni. Atakayekwama katikati ya maelezo ndiye amegundua aanzie wapi kurudia.