Trekta Lipi Lifaalo Shamba Dogo?

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo moja liwapasalo wakulima wenye mashamba madogo, yaani namna ya kuchagua trekta lenye ukubwa unaofaa. Twaandika hasa kwa ajili ya mtu wa kijijini aliyeweka akiba yake, au anayefikiri kukopa, naye akusudia kufunga safari kwenda Dar es Salaam kutafuta mashine. Mtu huyo akija kwa Barabara ya Morogoro atashuka bonde la Msimbazi hapo Jangwani, na akipanda upande wa pili amekwisha kukaribia Kariakoo. Huko ataona maduka yamefuatana, yenye pampu za maji, mashine za kukoboa, mikanda, na vipuri vya kila namna, na wauzaji wenye maneno matamu. Asipokuwa na hesabu yake kichwani kabla ya kufika, atachaguliwa na muuzaji badala ya kuchagua mwenyewe. Na kosa la namna hiyo si kosa la siku moja. Laweza kumfanya auze shamba lile lile alilotaka kulilima.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi ukubwa wa trekta unavyopimwa. Nguvu ya injini huhesabiwa kwa nguvu za farasi. Nguvu moja ya farasi ni ile iwezayo kuinua mzigo wa kilo 75 mita moja juu kwa sekunde moja. Trekta la magurudumu mawili, ambalo mkulima hulishika mikono akienda kwa miguu nyuma yake, na ambalo wengi huliita pawatila, kwa kawaida lina nguvu za farasi 12 hadi 16. Matrekta ya magurudumu manne yaonekanayo sana mashambani kwetu yana nguvu 50 hadi 75. Walakini nguvu ya injini si nguvu yote ifikayo kwenye plau. Sehemu yake hupotea katika giya, na sehemu nyingine hupotea magurudumu yanapoteleza. Katika udongo laini nguvu ivutayo plau yaweza kuwa kama nusu tu ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya dukani.

Nchi yetu ilikwisha kujifunza kwa gharama kubwa kwamba nguvu peke yake haitoshi. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ikafanya shauri la kulima karanga katika Tanganyika kwa mashine, katika eka zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mashine zilishushwa katika bandari ya Dar es Salaam, kisha zikapelekwa Bara kwa reli. Mengi ya matrekta hayo yalikuwa masalio ya vita, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Nguvu zilikuwako, lakini udongo haukuulizwa vya kutosha. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi pamoja na mchanga mkali. Jua likiwaka hukauka ukawa mgumu kama sakafu, nao hula vyuma vya plau kama tupa. Matrekta yakaharibika kwa wingi, na mafundi na vipuri havikutosha. Mwaka wa kwanza ilikusudiwa kulimwa eka 150,000. Zilizosafishwa zilikuwa kama 7,500. Mnamo Januari 1951 shauri lile likaachwa, na hasara yake ilipita pauni milioni 35. Serikali yenye hazina kubwa iliweza kuvumilia hasara ile. Mkulima wa eka nne hawezi kuvumilia hata sehemu yake ndogo.

Katika miaka ile ile, mjini Coventry, Uingereza, lilianza kutengenezwa trekta dogo la Harry Ferguson, lililoitwa TE20. Tangu mwaka 1946 hata 1956 yalitengenezwa zaidi ya 500,000, ijapokuwa nguvu zake hazikufika farasi 30. Siri yake ilikuwa nini? Zamani trekta lilikokota plau kwa ndoano, nalo lililazimika kuwa zito ili magurudumu yasiteleze. Ferguson aliliunga plau nyuma ya trekta kwa mikono mitatu ya chuma, iliyoinuliwa na kushushwa kwa msukumo wa mafuta yaliyofungwa ndani ya bomba. Plau lilipokata udongo, mvuto wake uliyagandamiza magurudumu ya nyuma, na trekta jepesi likapata kushika ardhi. Matrekta mengi ya leo yana mikono hiyo mitatu. Tunajifunza ya kwamba kazi hufanywa na chombo kilichopatana na trekta, na trekta lililopatana na ardhi.

Basi mkulima ajiulize maswali manne kabla ya kufungua mfuko wake.

Swali la kwanza: nina eka ngapi, na mvua itanipa siku ngapi? Hesabu yake si ngumu, na mwanafunzi wa shule aweza kumfanyia baba yake. Tuchukue plau la sahani tatu, lenye upana wa sentimita 90, likivutwa na trekta la magurudumu manne kwa mwendo wa kilometa 5 kwa saa. Kwa saa moja litapita mita za mraba 4,500. Toa theluthi moja kwa ajili ya kugeuza, kusimama na kurudia; zabaki 3,000. Eka moja ni kama mita za mraba 4,000. Kwa hiyo eka moja yataka saa moja na dakika 20, na siku ya saa nane italimwa eka sita. Sasa tuchukue pawatila, upana sentimita 60, mwendo kilometa 2 na nusu. Litapita mita 1,500 kwa saa, na baada ya kutoa theluthi zabaki 1,000. Eka moja itataka saa nne, na kwa siku zitalimwa eka mbili.

Mwenye eka nne, basi, atamaliza kwa pawatila katika siku mbili. Kwa trekta kubwa atamaliza kabla ya alasiri, kisha trekta litasimama chini ya mwembe mpaka msimu mwingine. Kanuni ni hii: gawanya eka zako kwa eka za siku moja, kisha linganisha na siku zifaazo kulima kabla wakati wa kupanda haujapita. Usisahau kuondoa siku za tope. Trekta dogo kuliko yote liwezalo kumaliza kazi kwa wakati ndilo likufaalo. Lililo kubwa zaidi ya hilo ni fahari tu, na fahari haivunwi.

Swali la pili: udongo wangu ni wa namna gani? Turudi katika lile bonde la Msimbazi. Kila mtu wa Dar es Salaam ajua jinsi mto unavyofurika hapo Jangwani na kuacha tope. Kwa miaka mingi watu wamelima mchicha bondeni humo katika matuta madogo kwa jembe la mkono, nao hawakukosea, kwa maana mashine nzito katika udongo ulioloa huzama, tena huugandamiza hata mizizi ikashindwa kupenya. Kwa upande mwingine, udongo mkavu na mgumu huishinda mashine nyepesi. Jambo hili lilionekana baada ya mwaka 2009, serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza na mapawatila mengi yakapelekwa wilayani. Katika majaruba ya mpunga yenye maji, kama yale ya Mbarali, yalifanya kazi njema, kwa kuwa udongo umelainika na majaruba ni madogo. Mahali pa udongo mkavu, penye visiki na mawe, yaliruka juu kama mbuzi, na mikono ya wenyewe ikachoka. Mashine ilikuwa ile ile. Ardhi ndiyo iliyokuwa mbali mbali.

Swali la tatu: trekta litafanya kazi gani baada ya kulima? Kulima ni kazi ya siku chache. Trekta lenye tela laweza kuchukua mavuno na mbolea. Lenye mhimili wa nyuma unaozunguka laweza kuendesha pampu, au mashine ya kupukuchua mahindi. Ukiona kazi hizo hazipo kwako wala kwa jirani zako, ujue kwamba wanunua siku nyingi za kulala.

Swali la nne: likiharibika, nani atalitengeneza, na kipuri kitatoka wapi? Watu wengi huuliza bei ya trekta, wachache huuliza bei ya chujio lake. Kabla ya kununua, zunguka maduka ya Kariakoo, kisha uwaulize mafundi wa Gerezani ni mashine za aina gani wazifahamu. Ukisikia ya kwamba vipuri vya aina fulani huagizwa ng'ambo na hungojwa miezi, liache trekta hilo, hata likiwa rahisi. Trekta lililovunjika katika wiki ya kupanda halina tofauti na trekta ambalo halipo.

Sasa tuje kwenye fedha. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba deni la trekta lakutaka ulipe shilingi 12,000,000 kila mwaka. Ukilima eka zako nne peke yake, kila eka imebeba shilingi 3,000,000 kabla ya kununua mafuta. Ukipata kulima eka 200, pamoja na za jirani wanaokulipa, kila eka itabeba 60,000. Lakini angalia: eka 200 kwa eka sita za kila siku ni siku 34, mbali na siku za tope na za matengenezo. Je, mvua ya kwenu yatoa siku hizo? Na je, jirani hao wapo kweli, au wapo katika matumaini tu? Trekta hula hata likiwa limelala, kwa maana deni halilali.

Ikiwa hesabu yakataa, usione haya. Zipo njia nyingine tatu. Waweza kukodi, yaani kumlipa mwenye trekta akulimie, nawe ukabaki na akiba yako. Ila upatane naye mapema, kabla mvua haijaanza na kila mtu hajamkimbilia. Waweza kuungana na wenzako mkanunua moja, mkiandika tangu mwanzo zamu za kulimiwa, nani atatunza mashine, na fedha za vipuri zitawekwa wapi. Au waweza kutumia maksai; jozi moja nzuri hulima nusu eka hata eka nzima kwa siku, haitaki dizeli, na samadi yao hurudi shambani.

Na ukiona hesabu yakubali, nunua bila hofu, lakini nunua plau pamoja na trekta, na ulione likifanya kazi katika udongo kabla hujalipa, wala si kuzunguka uani mwa duka tu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Anayeujua upana wa shamba lake, ugumu wa udongo wake na idadi ya siku zake, huyo ataingia dukani akiwa na swali moja tu, nalo ni bei.