Mfugaji na Mbwa Wake (Sehemu ya Tano): Kichaa cha Mbwa Hakitambui Mpaka wa Kaunti

Matangazo yameanza kusikika tena redioni, kama ilivyo ada kila Septemba inapokaribia: wenye mbwa na paka wawatoe wachanjwe bila malipo, kwa chifu au kwenye uwanja wa shule iliyo karibu. Nilikuwa nimekusudia kuendelea na kupe na minyoo pale tulipoachia juma lililopita. Kupe watasubiri. Aliyefuatana nami tangu sehemu ya kwanza anajua kwamba nikisikia habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa siwezi kuipita kimya.

Siku inayolengwa ni Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ilichaguliwa kwa sababu ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, nami sioni namna ya kueleza sindano atakayodungwa mbwa wa Kiminini, Trans Nzoia, bila kuanzia kwa Mfaransa huyo. Pasteur hakusomea udaktari, alikuwa mkemia. Yeye na wenzake walichukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa, wakautundika ndani ya chupa yenye hewa kavu. Kila siku iliyopita, makali ya ugonjwa ndani ya uti ule yalipungua, hata baada ya wiki mbili ukawa hauwezi tena kumdhuru mnyama. Kisha wakawadunga mbwa, wakianza na ule uliopoa kabisa, kesho wenye makali kidogo, keshokutwa zaidi. Mbwa waliopitia ngazi hiyo hawakuugua hata walipoumwa na wenzao wenye kichaa.

Julai 6, 1885, mama mmoja kutoka Alsace alifika Paris na mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa siku mbili kabla, majeraha mikononi na miguuni. Hadi siku hiyo chanjo ile ilikuwa haijawahi kumwokoa binadamu yeyote. Sheria haikumruhusu Pasteur kumtibu mtu, kwa hiyo aliyeshika sindano ni Dkt. Grancher. Mtoto alidungwa mara 13 kwa muda wa siku kumi hivi, akapona, akakua, akaja kuwa bawabu wa Taasisi ya Pasteur iliyofunguliwa mwaka 1888. Miezi mitatu baada yake akaletwa Jupille, kijana mchungaji wa miaka 15, ambaye alimkabili mbwa mwenye kichaa kwa mikono yake ili watoto wenzake wapate kukimbia. Sanamu yake ingali imesimama kwenye uwanja wa taasisi hiyo, kijana amemkaba mbwa. Mwezi Machi 1886 wakaja Warusi 19 kutoka Smolensk, walioraruliwa na mbwa mwitu mwenye kichaa, na 16 kati yao wakarudi kwao wazima. Nikikutana na vijana wanaochunga ng'ombe pande za Endebess huwasimulia habari za Jupille, maana ni wa rika lao na kazi yao ni moja.

Kutoka Paris elimu hiyo ilifika India. Huko Kasauli, mwaka 1911, David Semple alitengeneza chanjo kutokana na ubongo wa kondoo, na hiyo ndiyo iliyoenea katika nchi nyingi za Afrika na Asia kwa miongo mingi. Wazee wa Bungoma wanaikumbuka kwa jina moja tu: sindano za tumboni. Mgonjwa alidungwa kila siku, siku kumi na nne au zaidi, kwenye ngozi ya tumbo, na baadhi walipata madhara ya neva kwa sababu ya ule ubongo wa kondoo. Chanjo hiyo ilikwisha kuachwa. Leo mtu aliyeumwa hudungwa begani, mara nne au tano, na dawa yenyewe huoteshwa kwenye chembehai safi za maabara. Lakini hofu ya tumbo haijaachwa. Bado nasikia watu wazima wakimwambia mtoto aliyeumwa, "Usiseme, watakudunga tumboni," na mtoto anaficha jeraha. Huo ni ukatili, hata kama anayesema anacheka.

Chanjo ya mbwa nayo ina historia yake. Mwaka 1939 msichana mmoja wa jimbo la Georgia, Marekani, alifariki kwa kichaa. Virusi vilivyotolewa kwenye ubongo wake vilipitishwa kwa vifaranga mara zaidi ya mia, kisha mwaka 1948 watafiti Hilary Koprowski na Herald Cox wakavikuza ndani ya mayai ya kuku hadi vikapoteza makali. Hivyo ikawezekana kumchanja mbwa kwa sindano moja tu na akakingwa kwa muda mrefu. Fikiria ni mikono mingapi iliyopitisha kitu hicho kabla hakijafika kwenye sanduku la barafu analobeba afisa wa mifugo juu ya bodaboda kwenda Saboti. Ndiyo maana hunikera kumwona mwenye mbwa akisema leo ana shughuli sokoni.

Hapa Kenya ugonjwa huu uliandikwa rasmi mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na mgonjwa wa kwanza wa binadamu aliandikwa mwaka 1928, mwanamke wa maeneo ya Ziwa Victoria. Tumekuwa nao zaidi ya karne. Sheria tunayo, Sura ya 365, inayohusu kichaa cha mbwa peke yake. Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti na kutunza wanyama, na imetaja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, ikikadiria kwamba huenda unaua hadi Wakenya 2,000 kila mwaka. Duniani makadirio ni watu 59,000, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, hospitali hubaki kumpunguzia maumivu tu.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipigania. Mwaka 1996 watafiti Paul Coleman na Christopher Dye walipiga hesabu ambayo imekuwa msingi wa kampeni zote tangu hapo: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwenye kichaa hakuti wa kutosha wa kuambukiza, na ugonjwa unazimika wenyewe. Mbwa wa vijijini hawaishi sana. Philip Kitala na wenzake, waliochunguza mbwa wa Machakos miaka ya 1990, walikuta wengi wao ni wachanga, na kwamba mbwa wale waliokuwa wakizurura barabarani walikuwa na wenyewe. Kwa hiyo asilimia 70 ya mwaka huu haiwi 70 mwakani. Wachanjwao wanakufa, watoto wanazaliwa. Mama mmoja wa Kamukuywa aliniambia, "Daktari, huyu wangu si alichanjwa?" Nikamuuliza, "Lini, mama?" Akajibu, "Ule mwaka wa kura." Mbwa aliyekuwa amelala mlangoni pake hakuwa hata amezaliwa mwaka huo; aliyechanjwa alikuwa mama yake.

Mfano bora wa hesabu hiyo uko kwa jirani zetu wa Pemba. Chanjo ya mbwa kisiwa kizima ilianza mwaka 2010, na kufikia Mei 2014 kichaa kilikuwa kimekatika. Kampeni zikalegea. Katikati ya mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ukaonyesha ulitoka Tanzania bara. Yaani ulivuka bahari. Wapemba wakachanja tena, shehia kwa shehia, na kisa cha mwisho kikaonekana Oktoba 2018. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi kwa sababu kinatuhusu kuliko kinavyowahusu wao. Pemba ina maji pande zote na bado mbwa mmoja, au wachache, walitosha kuirudisha nyuma. Sisi tuna nini kati ya Kiminini ya Trans Nzoia na Kamukuywa ya Bungoma? Barabara ya lami na shamba la mahindi.

Kwa hiyo narudia ombi nililolitoa mwaka jana katika safu hii: Trans Nzoia na Bungoma zichanje wiki moja, kwa ratiba moja, na maafisa wa mifugo wa kaunti hizi mbili wapeane hesabu za kila wadi ya mpakani. Ukichanja Sikhendu mwezi huu na Naitiri ukaiachia mwakani, unapoteza fedha ya umma. Tena tukumbuke Lwakhakha na Suam, ambako mbwa huvuka kwenda na kurudi Uganda bila kuulizwa kitambulisho. Bungoma ina jambo lake la ziada. Agosti ya miaka ya tohara, misafara ya kuimba hupita kijiji hadi kijiji usiku kucha, na mbwa hukata kamba na kufuata watu hadi wasikokujua. Mwezi mmoja kabla ya misafara hiyo ndio wakati wa kuchanja.

Wapo wanaouliza kwa nini mbwa wasipigwe risasi au kutiliwa sumu, tukamaliza. Kwanza ni ukatili, na mtoto anayemwona mbwa akifa kwa sumu karibu na kisima cha shule anajifunza kitu ambacho hakuna mwalimu atakayemfundisha kukisahau. Pili, haifanyi kazi. Unapoua mbwa kijijini, chakula chao kinabaki jalalani na buchani, wengine wanahamia, majike wanazaa, na miongoni mwa waliouawa wamo waliokuwa wamechanjwa. Unakuwa umeivunja kinga uliyoilipia.

Wengine husingizia ukosefu wa umeme, kwamba chanjo itaharibika kabla ya kufika mlimani. Ni kweli kanuni ni kuihifadhi kati ya nyuzi 2 na 8. Lakini watafiti waliofanya kazi Tanzania walionyesha mwaka 2016 kwamba aina mojawapo ya chanjo inayotumika sana hubaki na nguvu yake hata ikikaa miezi kadhaa kwenye nyuzi 25, na baadaye wakajaribu vifaa vya kupozea vya chungu cha udongo, visivyohitaji umeme. Mlima Elgon una baridi kuliko Serengeti. Kinachokosekana Kapsokwony si friji.

Nafasi imebaki ndogo, basi niyaseme ya nyumbani kwa haraka.

Mzoeshe mbwa kamba kuanzia leo. Wengi wanaoumana uwanjani siku ya chanjo hawajawahi kufungwa kitu shingoni, au wamefungwa mnyororo tangu wakiwa wadogo na hawajawahi kutembea na mtu. Mfunge kamba laini jioni wakati wa kumpa ugali wake, tembea naye hadi langoni na kurudi, siku tano au sita. Mnyororo wa kutwa nzima unamfanya amwogope na kumchukia kila apitaye, wala haumfanyi mlinzi bora. Siku yenyewe aletwe na mtu mzima. Tunaona watoto wa darasa la pili wakiburutwa na mbwa watatu huku baba yuko kwenye meza ya chai.

Watoto wa mbwa nao waje. Kwa kawaida daktari wa mifugo huanza miezi mitatu, kisha kila mwaka, lakini kwenye kampeni msimwache nyumbani kwa kuwa ni mdogo. Mleteni, afisa aamue.

Kichaa hakiji kwa ukali kila mara. Yupo mbwa anayenyamaza, anajificha chini ya ghala, sauti yake inakuwa ya kukwama, taya linalegea, mate yanatiririka, hawezi kumeza. Mwenyewe anadhani kuna mfupa umekwama kooni na anaingiza mkono kuutoa. Usiingize mkono. Mfungie mahali, mpigie simu afisa wa mifugo.

Aliyeumwa, au aliyelambwa kwenye kidonda, aoshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Pilipili, mafuta ya taa, majivu, na kumtafuta mganga Chwele havina kazi hapo. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo, kwa kuwa virusi hupanda polepole kwenye neva, na chanjo inashinda tu ikiwahi kabla havijafika ubongoni. Mbwa akipatikana, asiuawe kwa mawe. Afungiwe siku 10, apewe maji na chakula. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa mateni alipouma, na daktari ataamua kama sindano zilizobaki ziendelee. Akifa, asizikwe kabla afisa hajaarifiwa, maana kichwa chake kinahitajika maabara.

Cheti cha chanjo kiwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwenye bahasha moja, kwa sababu siku jirani akiumwa mtaulizwa tarehe. Juma lijalo, kupe na minyoo tulioahirisha, pamoja na ugonjwa wa mbwa wadogo wanaoharisha damu ambao wengi mmeniandikia kuuhusu mkidhani ni sumu. Mara nyingi ni ugonjwa wa virusi vya parvo, nao una chanjo yake.