Gripe inaua watu wangapi?

Ndugu watumikaji, na ninyi mama wa nyumbani,

Mara nyingi pale dispanseri munaniambia: «Munganga, gripe si ugonjwa, ni mapua tu.» Sikilizeni basi.

Muzee anapata gripe. Anakohoa siku kumi, homa inashuka, jamaa wanafurahi. Juma linalofuata mapafu yanaharibika, anakufa. Kwa karatasi ya kifo wanaandika: mapafu. Mwingine moyo wake ulichoka tangu zamani, gripe ikaumaliza. Karatasi inasema: moyo. Saa ile kidudu cha gripe mara nyingi hakiko tena mwilini, na hakuna aliyekipima. Ukihesabu karatasi zenye neno «gripe», utapata chache sana.

Kuna njia ingine. William Farr, aliyeshika hesabu za vifo huko Uingereza, aliitumia kwa gripe ya London ya mwaka 1847. Acha kwanza sababu. Hesabu wafu wote, ukawalinganishe na majuma ya kawaida. Tuseme katika muji fulani watu 10 wanakufa kila juma. Gripe inaingia, na kwa majuma 4 wanakufa 14 kila juma. Wa ziada ni 16, hata kama karatasi 2 tu zinataja gripe. Lakini angalieni: kama malaria ilipanda majuma yale yale, gripe itabebeshwa muzigo usio wake. Kwa hiyo wanapima pia majimaji ya pua za wagonjwa, wajue gripe inatembea lini. Na hawatoi hesabu moja, wanasema: kati ya hii na ile.

Kule Marekani, toka 1976 mpaka 2007, mwaka mwepesi ulikadiriwa vifo 3 349, mwaka mubaya 48 614. Kwa dunia nzima, OMS ilitangaza mwaka 2017: kati ya 290 000 na 650 000 kila mwaka, kwa magonjwa ya kupumua peke yake.

Kwetu hesabu hii ni ngumu, maana wengi wanazikwa bila kuandikwa. Mutoto wa miezi minne anakohoa, anakufa usiku, kesho anazikwa. Biro ya komini haina habari. Kwa hesabu ya inchi, mutoto yule hakuzaliwa wala hakufa. Kabla matanga hayajaisha, mutu moja wa jamaa aende kuandikisha kifo, aseme pia kama marehemu alikuwa na homa na kikohozi.

Na mutoto akipumua mbiombio, mbavu zikiingia ndani, ao muzee akirudiliwa na homa kisha kupona, mumulete siku ile ile, hata usiku.