Mama Aliyeachwa Pwani

Wako watu walioandika habari za malezi yao na jinsi walivyoiona njia yao maishani. Mmoja wao ni Augustino, Askofu wa Hippo, aliyeandika kitabu cha Maungamo karibu na mwaka 400.

Augustino alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, mwaka 354. Mama yake, Monika, alimlea katika habari za Kristo. Lakini kijana alipokwisha kusoma sana, imani ya mama yake aliiacha.

Mwaka 383 akataka kwenda Roma kufundisha. Monika alimfuata hadi pwani, akamsihi asiende. Augustino akamdanganya, na usiku, mama akiwa katika maombi, akaondoka kwa merikebu. Asubuhi mama akalia sana.

Sasa angalieni neno hili. Kutoka Roma Augustino alifika Milan, akasikia mahubiri ya Askofu Ambrosio, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa naye. Monika aliyaona hayo kabla ya kufariki mwaka huo huo. Augustino alipotazama nyuma alitambua kwamba Mungu alimnyima mama yake alichoomba usiku ule, ili ampe alichokiomba miaka yote.

Ewe mzazi, je, mwanao ameondoka bila kuaga? Usiyahesabu malezi yako kuwa hasara. Njia unayoiogopa huenda ndiyo itakayomrudisha. Zidi kumwombea.

Mungu awabariki.