Riwaya Nzuri Hagadera: Utaipata kwa Nani, na Utamwambia Nini Mwenzako?

Sokoni Hagadera mkazi hupata simu, vitambaa, maziwa ya ngamia na spea za bodaboda bila kutembea mbali. Anayetafuta riwaya ya kusoma jioni ana kazi tofauti. Yeye huuliza watu. Humuuliza mwalimu, msimamizi wa maktaba ya shule, binamu aliyemaliza kidato cha nne, au jirani anayeonekana na kitabu mkononi akisubiri zamu yake ya maji. Jibu atakalopewa ndilo litakaloamua kama kitabu kitasomwa hadi mwisho au kitarudishwa kikiwa kimefunguliwa kurasa kumi tu.

Jambo hili si dogo. Kwa wanafunzi wengi, riwaya ya kwanza ni kitabu teule cha mtihani wa KCSE, na mara nyingi ndiyo ya mwisho pia. Kijana akishamaliza karatasi ya fasihi, hufunga kitabu na asifungue kingine. Akipewa riwaya isiyomfaa wakati huo, anaamini kwamba riwaya zote ziko hivyo. Akipewa inayomfaa, atarudi kuuliza ya pili.

Vitabu viko wapi

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Maktaba ya umma iliyo karibu ni ya Garissa mjini, mwendo wa takriban kilomita 100 kutoka Dadaab, kwa hivyo si mahali pa kukimbilia kila wiki. Hata hivyo, mkazi yeyote anayekwenda mjini kwa shughuli za hospitali au za ofisi anaweza kupita pale. Huku Hagadera, tegemeo ni maktaba za shule na za vituo vya jamii, pamoja na vitabu vilivyo majumbani mwa watu. Hivi vya majumbani ndivyo husahaulika, ingawa vingi viko chini ya kitanda au ndani ya sanduku na mwenyewe alishavisoma.

Garissa ina historia ya kujivunia kuhusu kumfikishia msomaji kitabu alipo. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianzisha maktaba ya ngamia kutoka Garissa, ambapo masanduku ya vitabu yalibebwa mgongoni mwa ngamia hadi kwa jamii za wafugaji, mahali ambapo gari hukwama. Mwandishi wa Marekani, Masha Hamilton, aliichukua habari hiyo akaandika riwaya, The Camel Bookmobile, iliyotoka 2007. Kisa chake kinazunguka sharti moja: kijiji kisiporudisha kitabu, ngamia hawatakuja tena. Kijana mmoja anakataa kurudisha. Anayewahi kuazima na kuazimisha vitabu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuchagua

Anza na lugha. Msomaji wa Hagadera huenda anazungumza Kisomali nyumbani, anasoma Kiswahili na Kiingereza shuleni, na Kiarabu katika dugsi. Lugha anayofanyia mtihani si lazima iwe ndiyo lugha anayofurahia kusoma. Fungua ukurasa wowote wa katikati, si wa kwanza, kwa sababu waandishi wengi huupamba ukurasa wa kwanza. Usome wote huku ukihesabu kwa vidole maneno usiyoyajua. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kiweke kando kwa sasa na uchukue chepesi zaidi. Hakuna aibu katika hilo.

Kwa anayesoma Kiswahili, Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, bado ni mlango mzuri. Kongowea Mswahili anaondoka Tanga kumtafuta babake, na safari inamfikisha Kitale. Sura zake ni fupi na mtu hutaka kujua kitakachofuata. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ni nzito zaidi, ila kwa wakazi wa hapa ina jambo la pekee: watu wake wamefurushwa makwao na wanaanza maisha upya kambini. Waliosoma riwaya hiyo kwa ajili ya mtihani tu wangefaa kuisoma tena bila kalamu ya kupigia mistari. Anayependa visa vya wafanyakazi na haki zao ajaribu Kuli ya Shafi Adam Shafi, kuhusu wapagazi wa bandari ya Unguja. Naye Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 2021, sasa anasomeka kwa Kiswahili: riwaya yake Paradise ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina Peponi.

Kwa Kisomali, kuna kitabu ambacho wazee wengi watakitambua kwa kisa hata kama hawajakiona. Aqoondarro waa u nacab jacayl cha Faarax M.J. Cawl kilitoka 1974, miaka miwili tu baada ya Kisomali kupata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini, na huhesabiwa kuwa riwaya ya kwanza kuchapishwa kama kitabu katika lugha hiyo. Jina lake lina maana kwamba ujinga ni adui wa mapenzi. Ndani yake, barua ya msichana inaangukia mikononi mwa kijana asiyejua kusoma, na penzi linaharibika.

Kwa Kiingereza, Nuruddin Farah ndiye jina la kwanza. From a Crooked Rib, ya 1970, inamfuata Ebla, msichana wa jamii ya wafugaji anayetoroka ili asiozwe mzee. Ni fupi, na lugha yake si ngumu. Maps, ya 1986, ni ngumu zaidi na inahitaji subira, asipewe anayeanza. Nadifa Mohamed ameandika The Fortune Men, kuhusu Mahmood Mattan, baharia Msomali aliyenyongwa Cardiff mwaka 1952 kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Hukumu hiyo ilifutwa mwaka 1998. Anayechoshwa na kurasa zilizojaa maandishi achukue When Stars Are Scattered, ya Omar Mohamed na Victoria Jamieson. Hiyo si riwaya hasa, ni maisha halisi ya ndugu wawili wa Dadaab yaliyosimuliwa kwa michoro, na msomaji wa Hagadera atazitambua foleni zake.

Kumwelekeza mwenzako

Kosa la kawaida ni kusema tu kwamba kitabu ni kizuri. Kosa la pili, ambalo wakazi wa eneo hili hulifanya kwa ustadi kwa kuwa ni wasimulizi hodari, ni kusimulia kisa chote hadi mwisho juu ya kikombe cha chai. Msikilizaji anaondoka ameridhika, na kitabu kinabaki pale pale. Simulia hadi mahali pa mashaka, kisha unyamaze.

Kabla ya kupendekeza, uliza mtu huyo alipenda kisa gani mara ya mwisho, hata kama kilikuwa filamu au hadithi ya Dhegdheer aliyosimuliwa na nyanya yake. Anayependa vitisho hatafurahia riwaya ya siasa kwa sababu tu wewe uliipenda. Mwambie pia ugumu uliopo: "Sura mbili za kwanza zinakwenda polepole, vumilia." Onyo kama hilo huwazuia wengi kuacha mapema.

Ukweli huo uhusu pia yaliyomo. Kuna riwaya zenye mambo ya mapenzi au ukatili ambayo mzazi angependa kujua kabla ya kumpa mtoto wa shule ya msingi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kitabu kinachoheshimika sana, kiliwahi kuzuiwa shuleni Tanzania kwa sababu hiyo. Msomaji mzima atajiamulia. Kwa mtoto, mpendekezaji aseme wazi kwa mzazi, la sivyo mzazi atakumbana na ukurasa mmoja na kupiga marufuku riwaya zote nyumbani.

Pale penye wasomaji wengi na nakala moja, daftari la kawaida husaidia sana. Liwekwe maktabani au kwa mwalimu. Kila anayerudisha kitabu aandike jina la kitabu, sentensi moja ya kumsaidia anayefuata, na kama angekisoma tena. Asiyekipenda aandike pia sababu, kwa maana kinachomchosha mmoja huenda ndicho anachotafuta mwingine. Ukurasa wa nyuma ubaki wa foleni: nani anakisubiri, na nani anacho sasa.

Kabla ya kuazimisha, funika jalada kwa gazeti au karatasi ngumu, maana vumbi la hapa halichagui. Andika jina lako ndani, na tarehe ya kurudishwa. Wiki mbili zinatosha kwa riwaya nyingi. Anayekwenda likizo au anayehamishwa akirudishe kwanza.