Ampea Zikipungua, Bili Haipungui

Majuzi mwalimu mwenzangu alinijia na kijisanduku cha plastiki alichokinunua kwa mchuuzi kwa shilingi 2,000. Alikuwa ameahidiwa kwamba akikichomeka kwenye soketi, bili yake ya umeme itapungua kwa nusu. Wala hakuuziwa maneno matupu. Mchuuzi aliwasha taa ya mrija, akapima ampea, akachomeka kijisanduku, nazo ampea zikashuka papo hapo. Mwenzangu angekataaje alichokiona kwa macho yake?

Nilikipeleka kwa wanafunzi wa chama cha sayansi. Walikuwa na Arduino, kibao cha kielektroniki kilichobuniwa Italia mwaka wa 2005, ambacho hata mwanafunzi aweza kukiandikia programu. Kwa kuwa kibao hicho husoma volti 0 hadi 5 pekee, tulitumia transfoma ndogo kushusha zile volti 240 za nyumbani, kisha vipingamizi vikazipunguza zaidi. Mkondo tuliupima kwa kibanio chenye koili, kilichozunguka waya mmoja bila kuukata. Kazi yote niliisimamia mwenyewe, na hakuna aliyegusa waya ulio wazi.

Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Katika kila mzunguko, kibao kilisoma volti na ampea mara nyingi, kikazizidisha kila mara, kisha kikatafuta wastani. Wastani huo ndio wati, yaani nguvu ifanyayo kazi. Ukichukua volti na ampea za mita ya kawaida ukazizidisha, wapata voltiampea. Gawanya wati kwa voltiampea, nawe umepata kigezo cha nguvu. Kwa pasi, kigezo hicho hukaribia 1. Kwa taa ya mrija yenye koili ya zamani hushuka sana, kwani mkondo huchelewa nyuma ya volti.

Taa yetu ilivuta ampea 0.40, sawa na voltiampea 96. Lakini wati zilikuwa 46 tu. Kigezo: 0.48. Tulipochomeka kijisanduku, ampea zilishuka hadi 0.20 na kigezo kikapanda hadi 0.96. Wati je? Zilibaki 46 vilevile!

Tulipokifungua tulikuta kapasita moja na kijitaa. Kapasita ile hubadilishana na koili ya taa umeme ambao hapo awali ulikuwa ukienda na kurudi kupitia mita bila kufanya kazi. Wateja wakubwa, kama viwanda, hunufaika kwa kurekebisha kigezo, maana hutozwa ziada kikishuka chini ya 0.9. Lakini mita ya nyumbani huhesabu kilowati-saa. Ampea haizihesabu.

Basi mchuuzi hakudanganya kuhusu ampea. Alidanganya kuhusu maana yake, na mlango aliopitia tuliuacha wazi sisi walimu. Tumewakaririsha wanafunzi kwamba volti mara ampea ni wati, tukanyamaza hapo, ilhali kanuni hiyo hutosha kwa betri na pasi, si kwa kila kifaa cha nyumbani.

Walimu wenzangu, tuifundishe nusu iliyobaki, na kwa vipimo badala ya ubao pekee. Wahenga walinena: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Mwenzangu hakurudishiwa shilingi zake 2,000, ila wanafunzi wale sasa wanajua swali la kumwuliza mchuuzi: "Na wati je?"