Kumpiga Mtu Picha Si Kumpigia

Ukifika katika Soko la Toi, pale Kibera inapokaribiana na Barabara ya Ngong, ukamtajia muuzaji wa mitumba neno "kamera", huenda asidhani kwamba unatafuta chombo cha kupigia picha. Atakuonyesha nguo. Katika msamiati wa wachuuzi, kamera ni zile nguo bora zinazochaguliwa mwanzo robota linapofunguliwa, nazo zinazobakia na kuuzwa kwa bei ya kutupa huitwa fagia. Kwa miaka mingi nimeyafuata maneno ya namna hiyo sokoni humo, maana lugha ndiyo kazi yangu. Nilibeba kamera ya aina ile nyingine, yenye lenzi moja tu: ya milimita 28 hadi 200. Leo lenzi hiyo imestaafu, lakini kuna jambo iliyonifunza ambalo sarufi ya Kiswahili ilikuwa ikilijua tangu zamani.

Lenzi ya kuvuta, ambayo wengi huiita zumu, si kitu kipya. Kampuni ya Voigtländer ya Ujerumani iliiuzia dunia lenzi ya kwanza ya namna hiyo kwa kamera za kawaida za filamu mwaka 1959. Ile ya milimita 28 hadi 200 ililetwa na Tamron ya Japani mwaka 1992, na wapigapicha wengi wa kawaida wakaipokea kwa furaha, kwani iliwaondolea mzigo wa lenzi tatu au nne. Ukiirudisha mwanzo, inachukua upana wa nyuzi 75 hivi, yaani kibanda kizima na mwenyewe ndani yake. Ukiivuta hadi mwisho, inabakiza nyuzi 12 tu, yaani uso mmoja ulio mbali kichochoroni.

Mabingwa waliidharau. Walisema ni chombo cha wavivu, kwamba haina mwanga wa kutosha, na kwamba anayetaka kujifunza kupiga picha sharti atumie lenzi isiyovutika, ya milimita 50, asogee kwa miguu yake. Ushauri huo ni mwema kwa mtu aliye uwanjani. Toi si uwanja. Vijia vyake ni vyembamba, na ukirudi nyuma hatua mbili umekanyaga viatu vya watu vilivyopangwa chini. Tena, kufungua kamera na kubadilisha lenzi katikati ya vumbi ni kuiharibu. Nilihitaji kibao kizima kilichoandikwa kwa mkono, kisha neno moja lililomo, bila kuwazuia wateja njia. Kwa kazi hiyo sikupata chombo kilichoishinda zumu.

Hata hivyo, lenzi yenyewe ilikuwa na mashariti yake. Chini ya mabati na maturubai mwanga ni haba. Kanuni ya wapigapicha husema kwamba anayeshika kamera mkononi kwa milimita 200 aifungue kwa muda usiozidi sehemu moja ya 200 ya sekunde, la sivyo picha itatikisika. Kwa milimita 28 anaweza kungoja hadi sehemu moja ya 30. Ongeza kwamba tundu la lenzi hiyo husinyaa kadiri unavyoivuta, na utaona kuwa aliye karibu anapata mwanga zaidi ya mara kumi ya ule anaopata aliye mbali. Kwa hivyo picha za kuvizia zilitoka giza na ukungu, na picha za karibu zilitoka safi. Na huwezi kumkaribia mtu kibandani pake bila kumsalimu.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kiswahili husema "alinipiga picha", na pia husema "alinipigia picha". Tofauti ni mofimu moja ya kauli ya kutendea, lakini maana zimeachana mbali. Katika sentensi ya kwanza mimi ni mtendwa, kitu kilichofikiwa na tendo. Katika ya pili, picha ndiyo kipozi nami ni kitondo, mtu ambaye tendo limefanywa kwa ajili yake. Lenzi ni ala tu katika sentensi zote mbili. Haichagui kauli. Anayechagua ni aliyeishika.

Jambo hili si mchezo wa darasani. Kibera imepigwa picha na wageni kwa miongo mingi, na hata filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 ilichukuliwa kwa sehemu humo. Ni wakazi wangapi waliowahi kuonyeshwa sura zao? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni data yake, na mnamo Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Sheria basi imefika pale "hodi" ilipokuwa tayari.

Yupo atakayeuliza: je, mwanahabari anayerekodi ukatili amwombe mkatili ruhusa? La hasha. Picha za njaa ya Ethiopia alizozichukua Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu. Lakini muuza sweta si mtawala, na dhiki yake si siri ya serikali inayohitaji kufichuliwa kwa kuviziwa.

Toi imeungua zaidi ya mara moja. Iliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na Oktoba 2024 moto ukarudi, ukala vibanda na roho za watu. Vibao vilivyoandikwa kwa mkono haviandikwi tena vilevile. Baada ya msiba wa namna hiyo, picha iliyokaa katika kabati la mgeni haimsaidii mwenye kibanda lolote. Nakala iliyooshwa ikaletwa kwake, akaitundika nyumbani, ndiyo inayobaki kuwa kumbukumbu ya mahali aliposimama na bidhaa alizokuwa nazo.

Siku hizi kila kijana ana zumu katika simu yake, na huivuta kwa vidole viwili. Simwambii aache. Namwomba, kabla ya kuvuta, apige hatua tatu mbele, asalimu, na baada ya kupiga amtumie mwenye sura picha yake. Akifanya hivyo atakuwa amempigia.